Mdoli Hatelezi

Msikilizaji, mdoli wa kufundishia kumzindua mtoto mchanga asiyepumua hujazwa maji apate uzito wa kichanga. Mkufunzi akibinya kipira, kitovu kinapiga. Ila mdoli ni mkavu. Hatelezi mkononi, wala hana mama anayevuja damu pembeni.

Tanzania ilianza mafunzo hayo mwaka 2009. Hospitali ya Haydom, Manyara, ikapima: baada ya kozi ya siku moja wakunga walimmudu mdoli vizuri zaidi, lakini miezi kadhaa baadaye huduma kwa watoto wenyewe ilikuwa ileile. Matokeo yalichapishwa 2013. Haydom haikumtupa mdoli. Ilileta mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, na vifo vya vichanga katika siku yao ya kwanza vikapungua.

Ndipo ninapoifikiria Kinyonga, hospitali yetu ya wilaya hapa Kilwa Kivinje. Mjamzito akishushwa usiku kwenye mashua ya kisiwa cha Songosongo, na mtoto akazaliwa hapumui, mkunga ana dakika moja tu ya kumpa pumzi. Semina ya hotelini, na posho yake, haifiki hapo. Mdoli akae wodini, na mkunga mgeni asimame ubavuni mwa mzoefu, aone anavyomkausha mtoto kwa khanga.