Kabla Hujafunga Ule Mfuko

(Mazungumzo niliyoyatoa kwenye siku ya familia ya jumuiya yetu. Nimeombwa yachapwe katika jarida hili la Uhuru kwa ajili ya wale waliokuwa kazini siku ile.)

   

Kila mwaka mkinisimamisha hapa huwa nazungumzia presha na sukari. Safari hii nimeambiwa nichague mwenyewe, nami nimechagua nguo kuukuu. Naona wengine wanacheka. Chekeni, lakini msitoke.

Wengi mnanijua kama nesi. Shahada yangu ya uuguzi niliipata hapa Uingereza, na nimefanya kazi wodini karibu miaka 20. Lakini ada iliyonifikisha kidato cha sita ilitoka Soko la Karume, Ilala, Dar es Salaam, kwenye meza ya mitumba ya mama yangu.

Watoto mliozaliwa huku, mitumba ni nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya, Marekani na kwingineko. Hukusanywa, hupangwa, hubanwa kwenye furushi kubwa tunaloliita belo, kisha husafirishwa kwa meli. Mchuuzi hununua belo likiwa limefungwa. Haruhusiwi kulifungua kwanza achague. Akishalipa ndipo anakata mikanda, na hapo ndipo anajua kama leo amepata au ameliwa.

Mama akifungua belo la mashati alikuwa akiyagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza, mazima, yanakwenda mezani asubuhi. Fungu la tatu halifai kabisa, hilo ni dekio. Fungu la kati ni yale yaliyokosa kifungo, yaliyofumuka kwapani au yenye kola iliyosagika. Hayo alikuja nayo nyumbani. Usiku umeme ukikatika aliwasha chemli, akaketi mkekani, akashona. Kola iliyosagika aliifumua, akaigeuza upande wa ndani ukawa nje, shati likawa jipya. Kazi yetu mimi na kaka yangu ilikuwa kumtungia uzi kwenye sindano, kwa sababu sisi tulikuwa na macho ya kitoto, na kutafuta vifungo vinavyofanana kwenye kopo la maziwa ya unga. Shati lililoingia nyumbani kama hasara lilitoka asubuhi kama mtaji. Fungu la kati ndilo lililotusomesha.

Nilipokuwa nakuja huku mwaka 2003, mama alinichagulia sweta zito la sufu kutoka mezani kwake. Nimefika, mwenzangu chuoni akasoma lebo shingoni, akaniambia hilo ni la duka la hapa hapa Uingereza. Basi sweta lile lilikwenda Dar es Salaam kabla sijajua hata njia, na mimi ndiye niliyelirudisha kwao.

Sasa naomba nikiri kosa. Miaka michache iliyopita nilitoka zamu ya usiku, nikaamua kusafisha kabati za watoto. Nilijaza mifuko miwili mikubwa. Suruali ya shule imetoboka goti, koti zipu imekufa, mashati hayana vifungo. Nikaenda kuitumbukiza kwenye sanduku la nguo za msaada pale maegeshoni, nikarudi nyumbani nikijisikia mtu mwema. Jioni nikampigia mama simu, nikamwambia leo nimetoa sadaka ya nguo.

Akaniuliza, "Zote nzima?"

Nikamjibu, "Nyingine zimechanika kidogo, mama, lakini huko zinakokwenda watashona."

Akakaa kimya. Kisha akasema, "Huko wapi, mwanangu? Huko si ndiyo mimi?"

Sikuwa na jibu. Sijui mifuko yangu iliishia wapi. Nyingine huuzwa madukani hapa hapa, nyingine husafirishwa nje. Lakini najua kwamba mahali fulani kuna mama aliyelipia belo kwa pesa ya mkopo, na akikata mikanda anakutana na suruali ya mwanangu yenye tundu gotini. Mimi nimeita sadaka, yeye ameipata kama hasara.

Hilo ni la kwanza. La pili limenigusa zaidi. Mwaka jana tulikwenda likizo nyumbani. Mama sasa macho yamepungua nguvu. Siku moja upindo wa gauni lake ulifumuka, akamwita binti yangu mwenye miaka 13: "Mjukuu wangu, njoo unitungie uzi." Mtoto akatunga mara moja. Bibi akafurahi, akamwambia, "Haya, sasa nikungie huu upindo." Binti yangu akaiangalia sindano, akaniangalia mimi. Hajui hata kufunga kifundo mwishoni mwa uzi. Bibi anajua kushona lakini haoni, mjukuu anaona lakini hajui kushona, na mimi ninayeona na kujua nimesimama mlangoni na simu mkononi.

Mama hakunilaumu. Aliniangalia tu. Ninyi mnaojua jinsi mama anavyoweza kukuangalia, mnanielewa.

Sisi tulisoma sayansi kimu shule ya msingi. Tulipika na kushona, wavulana kwa wasichana. Wazee wetu hapa wanakumbuka Elimu ya Kujitegemea. Watoto wetu wanaogelea, wanapiga piano, wanatengeneza video, na tunawashukuru. Ila kosa la kutojua kushika sindano si lao. Nimekuja kulirekebisha la kwangu, na nawaomba tusaidiane.

Anzeni na kopo. Kopo lolote lenye mfuniko. Ndani yake weka sindano nne, uzi mweusi, mweupe na wa rangi ya sare ya shule, mkasi unaokata kweli, na vifungo. Kila shati linalokwenda kuwa dekio, likatwe vifungo kwanza. Halafu hesabuni sindano. Kwenye chumba cha upasuaji sindano huhesabiwa kabla ya kazi na baada ya kazi. Nyumbani kwenye zulia na mtoto anayetambaa, fanyeni vivyo hivyo.

Kazi ya kwanza ni kifungo. Mtoto wa miaka minane anaweza. Funga kifundo, pitisha sindano kutoka ndani ya nguo kuja nje, kisha weka kijiti cha meno kati ya kifungo na nguo. Shona mara tano au sita. Toa kijiti, zungusha uzi mara tatu chini ya kifungo, ufunge kwa ndani. Kile kijiti kinaacha nafasi kidogo, kifungo kisibane wala kisikatike baada ya wiki.

Kazi ya pili ni goti. Chukua jinzi iliyokufa kabisa, ukate kiraka kinachozidi tundu kwa vidole viwili kila upande. Geuza suruali nje ndani, kiweke kiraka juu ya tundu, upande wake mzuri ukitazama chini, piga bandi kwanza kisitembee, kisha shona kuzunguka pande zote. Mwisho fumua bandi.

Hapa najua kuna mtu anasema moyoni, "Sikuja Ulaya kuvaa viraka." Simlaumu, nami nilisema hivyo. Waliovaa kaptula zenye viraka viwili nyuma wanajua jinsi wenzao walivyowacheka. Na mwanangu aliponiona na kile kiraka alisema, "Mama, wenzangu watadhani tuna shida." Nikampa achague mwenyewe. Akachukua kipande cha kitenge changu, akataka kionekane pale penye tundu. Wiki ile ile wenzake wawili walimuuliza ameinunua wapi. Na twendeni madukani tukaone: suruali mpya zinauzwa zikiwa zimechanika magotini, kwa bei ya nzima. Hapo ni nani mwenye shida?

Kazi ya tatu haitaki sindano kabisa, inawafaa wadogo. Chukua fulana nzito ya zamani. Kata mikono yote miwili, kata shingo iwe pana. Zile sehemu za mabega zilizobaki ndiyo mishikio. Chini, kata nyuzi nyuzi za upana wa kidole na urefu wa kidole, ukikata mbele na nyuma kwa pamoja. Kila uzi wa mbele ufunge na wa nyuma, fundo mara mbili. Una mfuko wa soko. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019. Hapa England dukani mfuko wa plastiki hulipiwa angalau peni 10 tangu 2021. Fulana ya zamani inakufaa nchi zote mbili.

Kazi ya nne ni ya kanga, na hapa naomba utulivu kwa sababu najua kanga zimelala kwenye masanduku yetu. Tulipewa na mama, na shangazi, na mama mkwe. Tunaogopa kuzikata, tunaogopa kuzitupa.

Watoto, kanga yenyewe imezaliwa kwa mkasi na sindano. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani yetu walinunua leso za mkononi zikiwa bado zimeungana kwenye jora, wakakata vipande vya leso tatu tatu, wakaviunga viwili kwa kushona, likapatikana vazi moja. Ndiyo maana Mombasa hadi leo wanaiita leso. Basi kuikata si dhambi, ila iwe kwa mpango.

Kanga huuzwa doti, yaani mbili zinazofanana, na zote mbili zina jina lile lile. Sheria ya nyumbani kwangu ni hii: moja hukatwa, moja hubaki nzima na jina lake. Kanga nyingi zina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu 110, lakini pima yako. Ikate urefu wake mara tatu. Unapata vipande vitatu vya sentimita 50 kwa 110. Kila kimoja ni foronya ya mto wa sebuleni wa sentimita 45. Kunga ncha mbili fupi. Kisha laza kipande, upande mzuri juu, kunja ncha hizi zije katikati zipandane kama sentimita 15, mpaka upana kati ya mikunjo uwe 45. Shona pande mbili zilizo wazi, sentimita mbili na nusu kutoka ukingoni. Geuza, ingiza mto. Hakuna zipu, hakuna kifungo.

Ya mama iliandikwa "Wema hauozi." Binti yangu ameshona foronya tatu, kwa mkono, Jumamosi nne. Mshono unakwenda kama njia ya ng'ombe. Zimekaa kwenye kochi, na ile ya pili iko kabatini, nzima.

Kama nesi siwezi kushuka bila onyo. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilaziwe na mto wala foronya hizi, hata kama zimeshonwa na bibi. Alale chali, kitanda kitupu. Vidoli vya soksi vya watoto wa chini ya miaka mitatu visiwe na vifungo vya macho, tarizi macho kwa uzi, kwa sababu kifungo kikichomoka hupaliza. Na nguo pana za kanga zisikaribie jiko wala hita.

Sasa nifunge. Sisemi tusitoe nguo za msaada. Toeni. Lakini kabla hujafunga ule mfuko, fanya kama mama yangu pale Karume: mafungu matatu. Nzima na safi ziende. Zilizotoboka ziende kwenye kopo. Zisizofaa kabisa ziwe dekio hapa hapa kwako, usimpelekee mama wa mtu alipie nauli ya meli.

Tarehe 9 Desemba, siku ya sherehe yetu ya Uhuru, nitakuwa na meza pale nyuma karibu na chai. Nitakuja na sindano, uzi na kopo la vifungo. Kila mtoto aje na nguo yake moja iliyochanika. Wazee wetu wenye ujuzi, nawaomba mje mkae hapo. Kama macho hayaoni vizuri, msijali, watakuwepo watoto wa kuwatungia uzi. Ninyi mtawaonyesha kifundo.

Binti yangu ameshafunga chake. Juzi alimpigia bibi yake simu ya video, akakisogeza karibu kabisa na kamera. Bibi akasema haoni kitu, lakini avute uzi aone kama utatoka. Akavuta. Haukutoka.