Damu Isiyoongezeka na Bakteria wa Tumboni



Ziko nyumba ambamo mama humeza vidonge vya kuongeza damu mwezi baada ya mwezi, akala maini na mchicha, na kila apimwapo huambiwa madini ya chuma bado yamepungua. Wengine husingizia baridi ya Uingereza au zamu za usiku. Mara nyingine chanzo kimo tumboni.

Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, madaktari Barry Marshall na Robin Warren walifaulu kumkuza maabara bakteria aitwaye Helikobakta pailori. Kabla ya hapo, lawama ya vidonda vya tumbo ilitupiwa pilipili na mawazo mengi. Ugunduzi huo uliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria huyu huambukizwa zaidi utotoni, na wengi waliokulia Afrika Mashariki wanaye bila kujua.

Hupunguzaje damu? Kwanza, kidonda huweza kuvuja damu kidogo kidogo. Pili, tumbo lililovimba muda mrefu huweza kupungukiwa na asidi, na madini ya chuma yaliyomo katika chakula hayafyonzwi vyema pasipo asidi. Tatu, chembe nyeupe za damu, zikipambana na mvamizi, hutoa chembe kali za oksijeni ambazo huuunguza hata utando wa tumbo. Hali hiyo wataalamu huiita mkazo wa oksidi. Vitamini C, isaidiayo kufyonza chuma, nayo hupungua tumboni.

Basi mgonjwa wa namna hii amwulize daktari kuhusu kipimo cha pumzi au cha kinyesi, huku sababu nyingine, kama hedhi nzito, zikichunguzwa pia. Ataje antibiotiki alizotumia majuma 4 yaliyopita na dawa za asidi za majuma 2, kwani huweza kumficha bakteria.

Tiba ni antibiotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 7. Dozi imalizwe hata nafuu ikija mapema. Aliyewahi kudhuriwa na penisilini aseme. Anayehofia jelatini ya nguruwe katika kapsuli amwulize mfamasia, asiziache kimyakimya.

Vidonge vya chuma visinywewe pamoja na chai. Huweza kukitia kinyesi weusi. Lakini kinyesi kinachonata kama lami, kutapika damu au kuzimia ni dharura: ipigwe 999.