Uzazi wa Mpango Usingoje Maradhi Yaishe
(Mazungumzo na walimu na watumishi wa umma, Mbamba Bay)



Adui maradhi anapotuvamia, tumezoea kuweka mengine kando ili tupambane naye. Muuguzi wa kliniki ya kina mama hupelekwa kambi ya kipindupindu, na wananchi huonywa wasiende zahanati pasipo sababu kubwa. Nia ni njema. Lakini je, uzazi wa mpango ni jambo la kungoja?

Sindano ya kuzuia mimba hudumu miezi mitatu, pawe na gonjwa au pasiwe. Mwaka 2020 shule zetu zilianza kufungwa tarehe 17 Machi kwa sababu ya UVIKO-19, na nyingi zikafunguliwa tarehe 29 Juni. Mama aliyechomwa sindano siku zilipofungwa, kisha akaogopa kurudi zahanati, muda wa sindano yake ulikwisha kabla kengele ya shule haijalia tena. Mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilizihoji nchi 105, na 68 katika kila 100 zilikiri kwamba huduma hii ilivurugika.

Sierra Leone ilikuwa imekwisha kuonja uchungu huo. Ebola ilifunga shule zake tangu katikati ya 2014 hadi Aprili 2015, na wasichana zaidi ya 18,000 wakahesabiwa kuwa walipata mimba wakati wa janga hilo.

Wapo watakaouliza: muuguzi ni mmoja, tumgawe vipi? Swali ni la haki. Lakini mimba isiyotarajiwa humrudia muuguzi huyo huyo, ikitaka kliniki, kitanda na pengine damu, wakati yeye amekwisha choka. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa afya ya uzazi katika dharura, uliorekebishwa mwaka 2018, uliiweka kinga ya mimba miongoni mwa huduma za mwanzo kabisa.

Kwa hiyo basi, kutoka Lituhi hadi Chiwindi, tujiandae kabla ya mvua na kabla ya gonjwa. Akiba ya dawa ifikishwe zahanati mapema. Atumiaye vidonge apewe vya miezi kadhaa kwa safari moja, na kondomu zipatikane kijijini kwa wahudumu wa afya. Atakaye kinga ya muda mrefu, yaani kijiti cha miaka mitatu hadi mitano au kitanzi cha miaka kumi, apewe kwa hiari yake, bila kushurutishwa. Na kamati ya maafa inapoketi, mtu mmoja aulize: huduma hii nani ameachiwa?

Ndugu walimu, tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Huo ni uamuzi wa heshima. Hata hivyo, heri zaidi kwa yule ambaye hakulazimika kuondoka. Tuwaeleze wazazi na vijana ukweli huu sasa, tungali wazima.