Amana Bila Mwenyewe
Hotuba iliyotolewa Kililana, Lamu



Mtunza amana hupimwa kwa swali moja: hutoa hesabu kwa nani?

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walinyang'anywa Tanganyika. Mwaka 1922 Shirikisho la Mataifa liliikabidhi kwa Uingereza, kwa ahadi kwamba ustawi wa wenyeji ni amana takatifu. Kila mwaka Waingereza walipeleka taarifa Geneva, ikachunguzwa na tume.

Sharti hilo lilikuwa na faida. Mtawala alitakiwa kuheshimu haki za wenyeji katika ardhi. Sisi wa pwani ya Kenya hatukuwa na ngao hiyo. Chini ya Sheria ya Hatimiliki ya mwaka 1908, ardhi ambayo hakuna aliyeidai mbele ya msajili ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Uzito wa maneno hayo hapa Kililana mnaujua.

Hata hivyo, amana ya Tanganyika ilikuwa na kasoro kubwa. Tume haikuitembelea nchi hiyo. Mwenye malalamiko alilazimika kuyapitisha kwa serikali ile ile aliyoilalamikia. Chini ya Gavana Donald Cameron, Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1926, lakini Waafrika wa kwanza hawakuingia humo hadi 1945. Hesabu ilipanda kwenda Geneva, haikushuka kijijini.

Umoja wa Mataifa uliporithi kazi hiyo, ulituma wajumbe kuwasikiliza wananchi. Mwaka 1955 Julius Nyerere alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini akaisemea TANU. Mwaka 1961 Tanganyika ikawa huru.

Ndugu zangu, Desemba 1991 Kenya ilifuta kifungu cha 2A, na vyama vingi vikarudi. Lakini wingi wa vyama si hesabu. Kiongozi anayewaridhisha wakubwa na wafadhili, bila kumwuliza mwananchi, anatawala kama gavana wa zamani. Katika kesi ya bandari ya Lamu, iliyofunguliwa mwaka 2012, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2018 kwamba haki ya wananchi ya kupata habari ilikiukwa. Waliofungua kesi hiyo hawakungoja kusemewa.

Basi ulizeni: ramani iko wapi? Fidia ni kiasi gani? Nani aliidhinisha? Ulizeni barazani, andikeni majibu, wekeni nakala. Mwenye amana ni ninyi.