Mwendo wa Mtu Huonyesha Ugonjwa: Tuuangalie Mapema

Haya ni maneno ya mtaalamu wa tiba ya viungo aliyezungumza na wakazi katika siku ya afya ya jamii. Tumeyachapisha kwa ombi la waliohudhuria.

Nashukuru mmeacha shamba na biashara mkaja kunisikiliza nikizungumzia jambo ambalo kila mmoja hufanya bila kulifikiria, yaani kutembea.

Mtu mzima asiye na shida hutua kwa kisigino kwanza, uzito ukapita kwenye wayo, kisha akajisukuma kwa vidole. Hatua za kulia na za kushoto hulingana, na mikono hupunga. Ukitaka kumchunguza mtu wa nyumbani kwako, mvue viatu, mwambie atembee hatua kumi kwenda na kumi kurudi. Mtazame kwa nyuma, kisha kwa ubavuni. Fumba macho usikilize pia: mguu unaoburuta una sauti yake. Halafu geuza viatu vyake uangalie soli, kwa maana kiatu kilicholika ncha au upande mmoja tu hakidanganyi.

Nianze na watoto, maana huko ndiko tunakochelewa zaidi.

Mtoto anayezaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani hakulaaniwa, wala mama yake hakuvuka kitu kibaya akiwa mjamzito. Matibabu yapo na hayahitaji upasuaji mkubwa. Wayo hunyooshwa taratibu kwa mikono na kufungwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba. Wengi hukatwa kidogo mshipa mnene wa kisigino, kisha huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, na baadaye usiku tu hadi miaka minne hivi. Hapo kwenye viatu ndipo wazazi wanapochoka. Wanaona mguu umenyooka, wanaviweka kando, na mguu unarudi kupinda. Tafadhali msivitupe. Mtoto aliyeanza katika wiki za kwanza na kumaliza viatu vyake kwa kawaida hukimbia na wenzake, na mgeni hawezi kujua.

Matege ni jambo jingine. Mtoto chini ya miaka miwili kuwa na matege kidogo ni kawaida, na kati ya miaka mitatu na mitano magoti kugusana pia ni kawaida. Lakini matege yanayozidi baada ya miaka miwili, yaliyo upande mmoja tu, au yanayoambatana na vifundo vya mikono vilivyovimba, yanataka daktari. Mara nyingi mifupa imekosa vitamini D au madini ya kalisi. Mtoto anayefungiwa ndani siku nzima kwa sababu mama yuko kazini hukosa jua hata hapa kwetu penye jua tele.

Sisi wa Bonde la Ufa tuna jambo letu. Meno ya kahawia tumeyazoea hata tunataniana nayo. Yanatokana na floridi iliyozidi kwenye maji, hasa ya visima virefu. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisizidi ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtu akinywa maji yenye floridi nyingi sana kwa miaka mingi, haiishii kwenye meno. Mgongo hukakamaa, viungo huuma, na kuna watoto ambao magoti hupinda. Kuchemsha maji hakuondoi floridi. Maji yakipungua sufuriani, floridi inabaki ile ile katika maji machache. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora kwa mtoto, au yaliyopitishwa kwenye chujio la mkaa wa mifupa. Kama kisima chenu hakijapimwa, ulizeni afisa wa afya ya umma.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mtoto aliyekuwa akitembea jana na leo mguu umelegea ghafla, hata kama hana maumivu, apelekwe kituoni leo, si Jumatatu. Kila mtoto wa chini ya miaka 15 mwenye hali hiyo hupimwa polio: sampuli mbili za choo, zipishane angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu kulegea. Siku hizo zikipita, kujua ukweli kunakuwa vigumu. Na mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga huenda ana usaha ndani ya nyonga au goti. Huyo naye ni wa leo.

Watoto wengine hulegea mguu baada ya sindano ya matakoni kugusa mshipa mkubwa wa fahamu. Ndiyo maana nawaomba msimlazimishe mwenye duka la dawa amchome mtoto sindano eti ndiyo inaponya haraka. Dawa nyingi za kunywa hufanya kazi ile ile.

Mwalimu naye anisaidie. Mvulana anayeanguka ovyo, anayetembea kwa vidole, na ambaye akiinuka kutoka sakafuni hujipanda mwenyewe mapajani kwa mikono, si mvivu. Misuli yake inadhoofika. Na mtoto anayechechemea akilalamikia goti, mwombeni daktari apime na nyonga, kwa sababu maumivu ya nyonga hupenda kujitokeza gotini.

Kwa watu wazima nitapita haraka. Anayebadilika mwendo ghafla, upande mmoja umekuwa mzito, mdomo umepinda au maneno yanakwama, ni kiharusi hadi daktari aseme sivyo. Kimbieni hospitali; msianze kumkanda mafuta. Anayeinua goti juu kama apandaye ngazi, kisha wayo ukadondoka pwaa, mshipa wa fahamu wa mguu umeumia: huenda ni mgongo, kisukari, au hata ukoma, ambao unatibika. Anayeyumba akifumba macho kunawa uso, au anayeanguka gizani tu, miguu yake haihisi ardhi, apimwe sukari. Mzee wa hatua fupi za kukokota, mkono mmoja haupungi na vidole vinatetemeka, hajazeeka tu. Huenda ana ugonjwa wa Parkinson, na una dawa. Anayeyumbisha kiwiliwili upande mmoja kila akikanyaga, misuli ya nyonga imelegea au kiungo kimelika. Na mwenye maumivu ya mgongo yasiyoisha, anayekonda na kutokwa jasho usiku, kisha miguu ikaanza kufa ganzi, asingoje: kifua kikuu huingia hata kwenye uti wa mgongo.

Anzeni kwenye dispensari au kituo cha afya kilicho karibu. Ukiwa umejisajili na SHA, kuonwa hapo hakuna malipo. Hujajisajili, piga *147#. Mkihitaji zaidi mtapewa barua ya kuja kwetu hospitalini.

Mzee mmoja ameniuliza kuhusu bakora yake. Mzee wangu, ishike mkono ulio upande wa mguu mzima, si upande wa mguu unaouma. Itangulie pamoja na mguu mbovu. Ukisimama wima na mikono imening'inia, kichwa cha bakora kifike kwenye kifundo cha mkono. Na chini uvalishe mpira, kwa sababu saruji ikilowa hiyo mti tupu itateleza.