Kolombia na Mchezo Usio na Mwamuzi

(Yafuatayo ni maelezo ya mhadhara uliotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma.)



Mwezi wa Julai mwaka 2017, katika mji wa Wrocław nchini Polandi, timu ya taifa ya Kolombia iliingia uwanjani kupambana na timu ya taifa ya Marekani katika fainali ya mchezo wa kisahani, mchezo ambao wenyewe huuita altimeti. Hiyo ilikuwa ni Michezo ya Dunia, mashindano yafanyikayo kila baada ya miaka minne kwa ajili ya michezo ambayo aghalabu haimo katika Olimpiki. Bendera zilikuwapo, watazamaji walikuwapo, na medali ya dhahabu ilikuwa ikimngoja mshindi. Lakini mwamuzi mwenye filimbi hakuwapo.

Si kwamba mwamuzi huyo alichelewa au aliugua. Sheria za mchezo huo hazimtambui kabisa. Mchezaji aliyefanyiwa madhambi ndiye anayetamka kwamba amefanyiwa madhambi, na mchezaji anayeshutumiwa ndiye anayekubali au kukataa. Mashindano ya mataifa yanapoendeshwa kwa namna hiyo, mtu mwenye akili timamu ana haki ya kuuliza kama watu hao wanafanya mzaha.

Kwa wasioufahamu, mchezo wenyewe ni mwepesi kuueleza. Timu mbili za watu saba saba hukutana katika uwanja wenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 37, na kila mwisho wa uwanja huo una eneo la kufungia lenye kina cha mita 18. Kisahani ni cha plastiki, uzito wake gramu 175. Aliye nacho haruhusiwi kukimbia. Sharti asimike mguu mmoja na kumrushia mwenzake, na anazo sekunde 10 tu za kufanya hivyo. Kikianguka chini au kikidakwa na mpinzani, huwa mali ya upande wa pili. Bao hupatikana pale mchezaji anapokidaka ndani ya eneo la kufungia. Katika Michezo ya Dunia timu huwa za mchanganyiko, wanawake na wanaume wakicheza bega kwa bega, wanne wa jinsia moja na watatu wa nyingine.

Sekunde hizo 10 zastahili kutazamwa kwa makini. Anayezihesabu, tena kwa sauti ya kusikika, si mtunza saa wala mshika kibendera. Ni mpinzani yule yule aliyesimama mbele ya mrushaji akimziba njia. Yaani saa amekabidhiwa adui. Akihesabu haraka kuliko inavyostahili, mrushaji humwambia kwamba anakimbiza hesabu, naye hulazimika kuirudisha nyuma. Timu mbili zinazowania ubingwa wa dunia hukubaliana juu ya urefu wa sekunde kwa kuaminiana.

Na pakitokea ubishi wa kweli? Mchezo husimama. Wahusika wawili huelezana kila mmoja alichokiona, na walio karibu wanaweza kuulizwa. Aliyeshutumiwa akikiri, aliyeonewa hupewa haki yake. Akikataa, na mazungumzo mafupi yasipowapatanisha, kisahani hurudishwa kwa aliyekirusha mara ya mwisho kabla ya ubishi, na mchezo huanza tena kana kwamba lililotokea halikutokea. Hakuna kadi ya njano wala nyekundu, na hakuna mkwaju wa adhabu. Sheria yenyewe imejengwa juu ya dhana kwamba hakuna mchezaji anayevunja kanuni kwa makusudi. Katika kandanda, mlinzi anayemwangusha mshambuliaji makusudi ili kuokoa goli husifiwa kwamba ana akili ya mchezo. Katika kisahani, kitendo hicho hicho huhesabiwa kuwa ni udanganyifu.

Wahenga walionya juu ya kumpa ngedere kesi ya nyani aiamue. Onyo hilo ni la haki, na wapinzani wa mchezo huu hulikariri kwa lugha zao. Lakini Mswahili yeyote aliyecheza chandimu mtaani anajua upande wa pili wa jambo. Watoto wanaocheza mpira wa matambara kwenye uwazi kati ya nyumba hawana refa, nao hucheza kutwa. Goli likibishaniwa hupiga kelele, hutishana, mmoja hudai mpira ni wake na ataondoka nao, kisha hupatana na mchezo huendelea, kwa kuwa wote wanajua kwamba wasipopatana mchezo umekwisha. Mtoto anayedanganya kila siku hakatazwi na mtu mzima. Hukosa wa kucheza naye. Jambo geni lililofanywa na watu wa kisahani ni kuichukua desturi hiyo ya mtaani na kuipeleka mbele ya bendera za mataifa.

Mchezo ulianzia mwaka 1968 miongoni mwa wanafunzi wa shule ya sekondari ya Columbia, katika mji wa Maplewood, jimbo la New Jersey, Marekani. (Jina la shule hiyo na jina la nchi ya Kolombia yote mawili yametokana na yule baharia Kolumbus, lakini uhusiano wao unaishia hapo.) Mashindano ya kwanza ya dunia ya timu za taifa yalifanyika Gothenburg, Uswidi, mwaka 1983, na Shirikisho la Dunia la mchezo huu likaundwa mwaka 1985. Katika Michezo ya Dunia uliingizwa mwaka 2001 huko Akita, Japani, ambako Kanada ilichukua dhahabu. Tangu hapo Marekani imeshika usukani, na waliokuwa wakiifuata walikuwa wale wale: Kanada, Japani, Australia. Nchi za Amerika ya Kusini hazikuwamo katika hesabu.

Ndiyo maana habari ya Kolombia ina uzito. Mwaka 2013 Michezo ya Dunia ilifanyika Cali, katika ardhi ya Kolombia yenyewe, na timu ya wenyeji ikacheza mbele ya watu wake. Medali zote tatu zilikwenda kwa Marekani, Australia na Kanada. Mwaka 2016, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika London, wanawake wa Kolombia wakafika fainali na kushindwa na Wamarekani. Mwaka uliofuata, Wrocław, ilikuwa ni zamu ya timu ya mchanganyiko. Nchi sita zilishiriki: Marekani, Kanada, Australia, Japani, Polandi iliyokuwa mwenyeji, na Kolombia. Wamarekani wakaondoka na dhahabu, Wakolombia na fedha. Kanada, Australia na Japani, walimu wa zamani wa mchezo huo, walibaki nyuma ya mwanafunzi.

Yafaa kukumbuka vijana hao walitoka katika nchi gani. Vita kati ya serikali ya Kolombia na wapiganaji wa FARC ilianza mwaka 1964, na watu zaidi ya 200,000 walipoteza maisha katika mapigano ya nchi hiyo, wengi wao raia wasio na silaha. Medellín, mojawapo ya miji ambamo mchezo wa kisahani umestawi sana, ilikuwa na mauaji zaidi ya 6,000 katika mwaka 1991 peke yake. Mchezaji wa makamo aliyezaliwa katika mji huo alikua akijua kwamba ugomvi mdogo wa barabarani ungeweza kumalizwa kwa bastola.

Tarehe 2 Oktoba 1916 haikuwa na maana kwa Wakolombia hao, lakini tarehe 2 Oktoba 2016 ilikuwa nayo: siku hiyo wananchi waliulizwa kwa kura kama wanaukubali mkataba wa amani, na kwa tofauti ndogo mno wakaukataa. Mkataba ukarekebishwa na kutiwa saini upya mjini Bogotá tarehe 24 Novemba mwaka huo. Tarehe 27 Juni 2017 ikafanyika sherehe ya kuthibitisha kwamba wapiganaji wamekabidhi silaha zao. Haukupita mwezi, na timu ya taifa ya nchi hiyo ikawa Wrocław, ikicheza mchezo ambao ndani yake mtu aliyeumizwa husimama, humtazama aliyemuumiza usoni, na kumweleza.

Hapana budi kujihadhari na maneno matamu. Kisahani hakikuleta amani Kolombia, na asitokee mtu wa kusema hivyo. Tena amani hiyo yenyewe ilihitaji mwamuzi: silaha zilikabidhiwa kwa ujumbe wa Umoja wa Mataifa, si kwa serikali, kwa sababu pande mbili zilizouana kwa miaka 50 hazikuweza kuaminiana kwa maneno matupu. Jambo linaloweza kusemwa ni dogo kuliko hilo, nalo ni la kweli. Vijana wa nchi ambayo neno la jirani lilikuwa limepoteza thamani walichagua mchezo ambao hauwezekani bila ya kuliamini neno la mpinzani, wakaucheza hadi nafasi ya pili duniani.

Tena hawakuachiwa hivi hivi bila ya kupimwa. Baada ya kila mchezo katika mashindano ya Shirikisho, timu moja huitolea nyingine alama za uungwana. Maswali ni matano: kama wapinzani walizijua sheria na kuzitumia, kama walijiepusha na kugongana, kama walitenda haki hata pale haki ilipowaumiza, kama waliweza kuzitawala nafsi zao, na kama walizungumza kwa heshima. Kila swali lina alama kuanzia sifuri hadi 4, na timu inayoongoza kwa jumla hupewa tuzo yake. Mwalimu anayesahihisha madaftari ataiona hatari mara moja. Wanafunzi wakiachiwa kusahihishana, marafiki hupeana alama za bure na mahasimu hukomoana. Hatari hiyo ipo. Lakini anayetoa alama ni yule aliyekabwa na kusukumwa kwa muda wote wa mchezo, naye anajua yaliyotendeka kwenye kona ambako hakuna jicho la refa ambalo lingefika. Kisha timu zote mbili husimama katika duara moja, wakichanganyika, mikono mabegani, na nahodha wa kila upande huzungumza, mshindi na mshindwa.

Walio nje ya mchezo, na baadhi ya walio ndani, wanaona kwamba mambo haya yanafaa kwa wapenzi wa Jumapili tu. Hoja yao si ya kupuuzwa. Nahodha akijua kwamba ukweli wake utaigharimu nchi yake dhahabu, kwa nini aseme ukweli? Marekani kwenyewe ligi ya wachezaji wa kulipwa ilipoanzishwa mwaka 2012 iliweka waamuzi, kwa maelezo kwamba mtazamaji aliyelipa kiingilio hataki kungoja watu wawili wajadiliane. Shirikisho la Dunia lilikwenda njia ya katikati: katika mashindano makubwa liliweka washauri wa mchezo, ambao mchezaji anaweza kuwauliza walichokiona. Mshauri hutoa maoni yake, na uamuzi hubaki kwa wachezaji. Mtumishi wa ofisi anayejua tofauti kati ya kuomba ushauri na kungoja amri ataelewa kwa nini jambo hilo lilijadiliwa kwa muda mrefu.

Nyuma ya ubishi huo umekaa mlango wa Olimpiki. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua Shirikisho kwa ukamilifu mwaka 2015, na matumaini yakapanda. Mwezi wa Oktoba 2023 orodha ya michezo ya nyongeza kwa Los Angeles 2028 ikathibitishwa: besiboli, kriketi, mpira wa Kimarekani wa bendera, lakrosi na skwashi. Kisahani hakikuwamo, ingawa Los Angeles iko katika nchi kilikozaliwa. Wako wanaoamini kwamba mchezo usio na refa hautaingia kamwe, na kwamba ukitaka kuingia sharti uvae filimbi. Wakiishika filimbi, hata hivyo, watakuwa wamepeleka Olimpiki mchezo mwingine wenye jina lile lile.

Mwaka 2022 Michezo ya Dunia ilifanyika Birmingham, katika jimbo la Alabama. Marekani ilichukua tena dhahabu, Australia fedha, na Kolombia ikarudi nyumbani na shaba. Sekunde 10 za kila mrushaji zilihesabiwa, kama huko Wrocław, na mpinzani aliyesimama mbele yake.