Kioo cha Saa: Jina na Ukweli Wake
Mada iliyotolewa kwa walaji na wafanyabiashara wa Bukoba na Muleba



Malipo ya kahawa yanapopatikana, wengi hununua kitu cha kudumu, na saa ya mkononi ni kimojawapo. Sehemu ya bei yake hutokana na kioo cha usoni. Hapo ndipo maelezo ya muuzaji yanapostahili kupimwa.

Vioo hivyo ni vya aina kuu tatu. Akriliki ni plastiki: huchubuka upesi, lakini haivunjiki ovyo, na mikwaruzo yake midogo husuguliwa ikatoweka. Kioo cha madini ni kioo cha kawaida, aghalabu kilichoimarishwa kwa joto au kemikali. Yakuti samawi, maarufu kwa jina la safaya, hutengenezwa kiwandani. Ni ghali na haikwaruziki kwa urahisi, ila ikipigwa kwa nguvu yaweza kuvunjika.

Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, chenye daraja 1 hadi 10, kioo cha madini hukaribia 5.5, safaya ni 9 na almasi ni 10. Punje za kwatzi, zinazopatikana katika mchanga mwingi, ni 7. Kwa hiyo mvuvi anayeburuta nyavu ufukweni ataona kioo cha madini kikichorwa na mchanga, ilhali safaya itasalimika.

Muuzaji akikwaruza kioo kwa msumari mbele yako, hajathibitisha kuwa ni safaya: msumari wa kawaida ni laini kuliko hata kioo cha madini. Kioo "kilichopakwa safaya" ni kioo chenye utando mwembamba tu. Neno "kristali" nalo halitaji malighafi. Ni jina la kifuniko cha uso wa saa. Maandishi ya nyuma ya saa pia hayatoshi, kwani bidhaa bandia huigwa hadi maandishi yake.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Mlaji, omba aina ya kioo iandikwe kwenye risiti, kisha uitunze. Muuzaji anayesita kuandika alichotamka amekwisha kukupa jibu. Mfanyabiashara, usilolijua usilitangaze. Kusema "sina hakika" hakuvunji sheria.

Ukiona umepotoshwa, anza kwa muuzaji ukiwa na risiti na saa yenyewe. Msipoelewana, lete malalamiko yako Tume ya Ushindani, nasi tutayasikiliza.